Undugu wa Mkasi

Marehemu mume wangu Hasib hajatulia kaburini, na mimi simlaumu. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya chama katika mji wetu huu mdogo wa Bosnia, akigawa vyeo kwa zamu: mwaka huu Mserbia, mwakani Mkroati, mwaka unaofuata Mwislamu, asinung'unike mtu. Leo chama chenyewe kimebaki bendera na picha ya Jemadari aliyekufa, mtawala wetu wa zamani, na kila asubuhi namsikia Hasib akikohoa ukumbini. Nikitoka, hakuna mtu. Naogopa, nisiseme uongo.

Vidak alikuja mchana, kapitia uani kama mwizi wa kuku, kambeba mwanawe Ognjen. Vidak huyu nywele zake za kwanza alikatwa na Hasib, mezani pangu hapa, mtaa mzima ukila halua. Kwetu ndivyo watu wa dini mbili wanavyofanywa ndugu: ukimkata mtoto wangu nywele za kwanza mbele ya mashahidi, tangu siku hiyo damu yako na yangu ni moja. Na juzi tu ndugu yangu huyo alipanda jukwaani mbele ya Waserbia wenzake, vijana wake wenye bunduki wamemweka katikati, akasema eti sisi Waislamu ni nyoka ndani ya nyumba.

"Karibu, ndugu wa nyoka," nikamwambia.

"Mama Šefika, usinianze."

"Nikuanze? Umeanza wewe, tena kwa kipaza sauti!"

Akatazama chini. "Mama yangu halali usiku. Hasib anamjia ndotoni, anasimama mlangoni na mkasi, anauliza mtoto yuko wapi. Amegoma kula mpaka Ognjen akatwe nywele hapa. Mkate basi. Ila asijue mtu."

Niliogopa, lakini hasira ikazidi. "Undugu wa kujificha ni undugu gani? Bila shahidi nitakuwa nimemnyoa tu, kama kinyozi!"

Na ni mimi niliyeutaka undugu huo kuliko yeye. Mwanangu Senad wamemfukuza kiwandani kwa sababu ya jina lake la Kiislamu, na kila akitoka nakaa roho juu mpaka arudi. Nani wa kumlinda, kama si ndugu mwenye bunduki?

Nikafungua dirisha la barabarani, nikaita kwa nguvu: "Mileva! Hatidža! Njooni mshuhudie, leo tunakata nywele!"

Mileva, Mserbia wa nyumba ya pili, akashusha pazia. Nikasema, haya, huyo katishwa na Waserbia wenzake. Lakini Hatidža, Mwislamu mwenzangu, ninayeazimana naye chumvi toka tulipoolewa, alinitazama, akamwona Vidak nyuma yangu, akafunga dirisha lake taratibu. Hilo liliniuma kuliko ile hotuba.

"Umeona?" Vidak akasema. Wala hakucheka.

Nikakata hivyo hivyo. Mtoto alitulia mapajani pangu, anachezea kifungo cha sweta yangu. Ndipo mtu akakohoa ukumbini. Nilidhani nimesikia peke yangu, mpaka nilipomwona Vidak amegeuka, uso mweupe kama unga.

"Ni yeye?" akanong'ona.

"Ni yeye. Basi shahidi tunaye," nikasema.

Vidak alipangusa nywele mabegani mwa mtoto. Kisha akamvalisha mtoto koti, akamnyanyua, akafika mlango wa uani akasimama.

"Sasa siwezi kukuficha, mama. Kesho alfajiri Senad asiwepo hapa. Mpeleke kwa dada yako, mjini Zenica, leo hii, kwa basi la jioni. Wanaume wote wa Kiislamu wa mtaa huu watachukuliwa."

"Ewe Mola wangu! Nani anakuja kuwachukua?"

Akambusu Ognjen kichwani, pale pale nilipokata.

"Mimi," akasema.