Tairi la Mwenyekiti

Alhamisi, tarehe 10 Aprili 2025. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikabaki manyunyu ilipofika saa kumi na mbili asubuhi, na lami ya Boko ilikuwa inateleza kama sahani yenye mafuta.

Gaspar, mwenyekiti wa kijiwe chetu cha bodaboda, alipima upepo wa tairi lake la nyuma kama anavyoupima kila siku. Alilipiga teke. Kisha akainamisha kichwa kusikiliza mlio, akasema, "Liko fiti." Praygod naye akapiga teke la kwake, na wengine wakafuata. Mgeni angedhani pikipiki zimewakosea adabu.

Mimi sikupiga. Nilitoa mfukoni geji ya kupimia upepo niliyonunua mwezi uliopita. Kwa miaka tisa nilikuwa nikipitisha mguu juu ya maandishi yaliyo kwenye kava la cheni bila kujua yanasema nini, mpaka nilipoanza shule ya jioni. Yanasema kwamba ukipakia abiria, tairi la nyuma liwe na upepo wa thelathini na mbili.

"Profesa wa jioni kaanza," Gaspar alisema. "Braza Anselmo, kesho tuletee na kipimajoto, tuzipime homa."

"Teke linakwambia ngapi?" nilimuuliza.

"Linaniambia niwashe niende. Halafu mie pikipiki yangu nimeiombea asubuhi. Wewe mtu wa sala unaona shida gani?"

Wakacheka. Ni kweli nasali asubuhi na jioni, na Ijumaa nafunga. Lakini sijawahi kumwomba Mungu anijazie upepo wakati fundi Ismail yuko ng'ambo ya barabara na kompresa yake. Kumwachia Mungu kazi ya Ismail si imani. Ni uvivu uliovaa nguo za ibada.

Ningewaacha na mateke yao, ila wakati huohuo alifika binti yangu Herieth, mjamzito wa miezi minane, anakwenda kliniki. Zamu ilikuwa ya Gaspar. Kwetu zamu ni zamu: abiria hachagui dereva, na dereva haruki foleni hata kama abiria ni mama yake mzazi. Anayeruka anakaa nje wiki nzima. Sheria hiyo niliipendekeza mimi, tena kwa kelele.

"Shikamooni," Herieth alisema.

"Marahaba mwanangu. Panda twende," Gaspar akajibu, akifuta siti kwa kiganja.

Nilitazama tairi lake. Lilikuwa limetanuka pembeni kama mlevi aliyelala mtaroni. Na njia ya kliniki ni mteremko wenye malori ya kokoto.

"Hapandi mtu hapo," nilisema.

"Unataka kuruka zamu?"

"Siruki. Nataka lipimwe."

"Kwa hako kadude kako? Mie nina miaka kumi na nne barabarani, sijawahi kuanguka."

"Mwaka jana si ulianguka Bunju?" Praygod alisema.

"Ile nilisukumwa."

"Na nani?"

"Na barabara."

Herieth hakucheka. Alishika tumbo lake kwa mikono miwili. "Mie sipandi mpaka nione namba. Mkitaka kugombana, gombaneni, lakini huyu mtoto ni wangu."

Gaspar akasogea pembeni. Niliibana geji kwenye valvu ya tairi lake la nyuma, mshale ukapanda kidogo ukasimama.

"Kumi na tano," Herieth alisoma kwa sauti. "Hata nusu haijafika."

"Nusu nyingine iko kwenye kiatu," Praygod alisema.

Gaspar akanigeukia. "Na lako, profesa? Pima tuone."

Langu la nyuma lilisoma thelathini na mbili kamili. Niliinua geji juu kama nahodha aliyekabidhiwa kombe.

"Na la mbele?"

La mbele sikuwa nimelipima hata siku moja. Nilisoma mstari wa nyuma, kwa kuwa nyuma ndiko anakokaa abiria, nikaridhika. Geji ilisema kumi na mbili. Kava linataka ishirini na tano.

"Msomi wa tairi moja!" Gaspar alipiga makofi, na kijiwe kizima kikaangua kicheko. Niliona uso unawaka. Nilimwomba Mungu anipe uvumilivu, akanipa kiasi. Lakini aibu yangu haikumwongezea Gaspar hata pumzi moja kwenye tairi. Tukazisukuma pikipiki zote mbili hadi kwa Ismail.

Ismail aliweka chini kikombe cha chai. "Kumbe mnajua njia ya kuja huku kabla ya pancha," alisema. "Miaka yote hii nilidhani mna miguu ya kupigia mateke tu."

Alijaza, Herieth akawa anasoma. Aliporidhika na langu na la Gaspar, bado hakupanda.

"Alhamisi ijayo narudi," alisema. "Nitajuaje hamtarudia mateke?"

Gaspar alinitazama. Mimi nikatazama tope.

"Sema, mwenyekiti!" Praygod alipaza sauti, na madereva waliokuwa wamevuka kutushangaa wakasogea.

Gaspar alivua helmeti, akaishika kifuani. "Haya, sikieni nyote, na wewe Ismail usikie," alisema. "Huyu binti namfikisha kliniki polepole. Na kuanzia kesho, kabla ya abiria wa kwanza, nitapima matairi yote mawili kwa geji mbele yenu. Siku nikikwepa, nitakaa nje wiki nzima kama mruka foleni, na zamu zangu zote apewe Anselmo."