Mahindi Yaliyonyamaza

Mtu asiyesoma akikosea, hukosea shambani kwake. Rogathe alikosea kwenye shamba la mwenzake, tena mbele ya watu ishirini na wawili.

Ilikuwa mwezi wa pili, kijijini Masakta, wiki ya tatu ya jua kali bila wingu. Mahindi ya shangazi yake Fransiska yalikuwa yamefika magotini, majani yamejisokota kama ya kitunguu. Rogathe alikuwa amekuja kusalimia kutoka chuo kikuu, alikokuwa akifanya utafiti wa mimea, na wakulima walipokutana shambani pale walitaka kumsikia mtoto wao. Mmoja akauliza kama yale mahindi bado yapo au ndiyo basi.

"Yamenyamaza tu," alijibu Fransiska. "Jua likizidi mahindi hunyamaza. Likipoa, yanaendelea."

Hapo shetani wa kujionyesha akampitia binti wa watu. "Mahindi hayana mdomo, shangazi," alisema Rogathe. "Haya yamekufa. Fungulia ng'ombe, angalau nao wapate kitu."

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Fransiska naye akacheka kidogo, akaenda mwenyewe kuvuta miiba iliyoziba lango. Kule shamba likifunguliwa kwa ng'ombe wa mmoja limefunguliwa kwa ng'ombe wa wote, na hakuna wa kuwafukuza. Jioni halikubaki jani.

Rogathe alikuwa bado kwenye basi la kurudi chuoni alipokumbuka. Utafiti wake wenyewe ulihusu jambo hilo hilo. Joto likizidi, mmea husimamisha kutengeneza protini za kukuzia majani na shina, ukabaki unatengeneza zile chache za kujikinga. Yale maagizo ya kazi nyingine hauyatupi. Huyaweka kando mpaka joto lishuke, kisha kazi inaendelea pale ilipoishia. Alikuwa ameyaandika hayo kurasa arobaini! Lakini mahindi yake yeye yalikaa kwenye makopo maabara, yakapigwa joto la saa chache na kutolewa. Ya shangazi hata hakuyainamia kuyagusa. Alijiambia labda kweli yalikuwa yamekufa, na akajishikilia hapo wiki sita.

Aliporudi kijijini, jambo la kwanza aliloliona ni shamba la Nikolausi, jirani wa mpakani. Lilipandwa siku moja na la Fransiska, likachomwa na jua lile lile. Sasa mahindi yalikuwa yamempita mtu kimo, yanatoa mbelewele. Nikolausi hakuwa na hekima yoyote ya pekee. Siku ya mkutano alikuwa msibani kijiji cha Dirma, hakusikia ushauri wowote.

"Karibu, mtaalamu!" alimwita kutoka ng'ambo ya mpaka. "Shangazi yako ana haraka huyo! Amelisha ng'ombe mahindi mazima."

Rogathe akaongeza mwendo. Kwa hiyo ndivyo shangazi alivyowaambia wasiokuwepo: kwamba aliamua mwenyewe.

Alimkuta Fransiska jikoni, akapiga magoti. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda?"

"Shangazi, yale mahindi yalikuwa hai. Na mimi nilikuwa najua. Nimesoma hivyo hivyo ulivyosema wewe, kwamba yananyamaza."

Fransiska alisukuma kuni ndani ya moto. "Kwa hiyo kitabu chako kinasema maneno yangu."

"Ndiyo."

"Na ukanicheka."

Rogathe alitamani ardhi ipasuke immeze. Alilia, na hata kulia kwenyewe kulimtia aibu, maana aliyepoteza chakula cha mwaka hakuwa yeye.

"Nyamaza basi," Fransiska alisema. "Mimi nami nilijua umekosea. Nilipovuta ile miiba nilijua."

"Sasa kwa nini ulifungua?"

"Ningekataa mbele ya watu wale wangesema hata shangazi yake hamwamini, na nani angekusikiliza tena? Nikaona heri mahindi yaende." Akampa kikombe cha chai. "Usiende kuwaambia. Ukiwaambia, ng'ombe watakuwa wamekula bure."

Rogathe hakulala vizuri. Asubuhi walikwenda kanisani pamoja, na baada ya ibada watu wakasimama nje kusalimiana. Nikolausi akaanza utani wake, akamuuliza Fransiska kama mwaka huu atawalisha ng'ombe na maharage. Watu wakacheka. Fransiska akacheka nao, akasema, "Uzee, ndugu zangu. Uzee unaniharakisha."

Rogathe aliona jinsi shangazi yake alivyokuwa amelizoea jibu lile.

"Siyo uzee," alisema. "Shangazi alisema mahindi ni mazima. Mimi ndiye niliyesema yamekufa, na wengi wenu mlikuwepo mkacheka. Nilikuwa nimesoma kwamba yanaweza kurudi. Nilijua, nikasema vile ili mnione msomi."

Kicheko kikakatika. Mzee mmoja aliangalia viatu vyake.

Rogathe aligeuka amtazame shangazi yake. Fransiska alikuwa ameshajifunga kitenge kiunoni na kushika njia ya nyumbani, haraka, peke yake. Rogathe alimwita mara mbili. Hakugeuka.