Bata Bukini wa Zijlstra

Wietske Zijlstra alikuwa anakata jibini jikoni, Jumanne asubuhi, bata bukini mwingine alipotua kwenye mfereji nyuma ya nyumba. Mumewe, Sjoerd Abbema, alichungulia dirishani huku akipaka mkate siagi.

"Umetajwa tena, mke wangu."

"Katoka wapi huyo?"

"Ana barafu mgongoni. Norwei, nadhani."

Ndivyo ilivyokuwa miaka yote. Mtafiti yeyote duniani akiinukuu kazi ya Wietske, bata bukini alikuja kutua mferejini na hakurudi tena alikotoka. Majirani walishazoea. Walilalamikia kinyesi tu, na manispaa ikaweka kibao cha kuonya waendesha baiskeli juu ya utelezi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya jiometri ya kompyuta: namna ya kugawa uwanja ili kila mahali pajue kisima kilicho karibu napo zaidi, hata visima vyenyewe vikihamahama. Wietske aliipata peke yake, majira ya baridi, kichwa kikiuma kwa mafua. Mwenzake kazini, Gerlof Bakhuizen, alichora michoro. Claes, mgeni kutoka Ubelgiji, alitoa ushauri wiki moja akaenda zake. Lakini katika fani yao majina hupangwa kwa alfabeti, awe aliyetoka jasho au aliyeleta kahawa. Kwa hiyo dunia nzima iliijua kuwa kazi ya Bakhuizen na wenzake, na Gerlof akawa profesa na mkuu wa idara.

Siku hiyo kamati ya chuo kikuu ilikaa kuamua kama Wietske naye apewe uprofesa. Akikosa, angenyang'anywa muda wa utafiti abaki kusahihisha mitihani hadi kustaafu, na kichwani tayari alikuwa na kazi mpya iliyofika nusu. Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Cheo chenyewe hakukijali sana.

Mwenyekiti alikuwa Hanneke Verhulst, daktari wa mapafu. Kila mtu alipewa kahawa na biskuti moja, kopo la biskuti likafunikwa tena.

"Wietske, hujatangulia hata mara moja," alisema Hanneke. "Kwetu hospitalini, anayeandikwa wa kwanza ndiye aliyefanya kazi. Wa mwisho ni bosi, na wewe hujawahi kuwa bosi wa mtu."

"Kwetu tunafuata alfabeti."

"Ulishasema hivyo mwaka juzi."

"Na alfabeti haijabadilika tangu mwaka juzi. Gerlof, sema basi!"

Gerlof aliangalia kikombe chake. "Ilikuwa kazi ya pamoja," alisema.

"Aa, pamoja! Mafua tuliugua pamoja pia?"

Mjumbe mmoja mpole alijaribu kusaidia. "Si utumie jina la mumeo tu? Abbema. Kesho ungekuwa wa kwanza."

"Abbema ni fundi baiskeli. Kama mnalipenda jina lake, mpeni yeye uprofesa."

Kisha akaenda kufungua dirisha, kwa kuwa ndege wake walikuwa wameshafika nje na walianza kugonga kioo. Waliingia bila fujo. Walijaa sakafuni, mezani na juu ya kabati, kila mmoja na eneo lake, mipaka kati yao imenyooka sawasawa na ilivyo kwenye makala yake. Wengine walikuwa na vumbi jekundu, wengine mchanga. Wote walimtazama Wietske. Gerlof aliposogeza kiti, mmoja alimdonoa kifundo cha mguu.

"Hawa wote ni wako?" aliuliza Hanneke, akiinua kikombe ili bata apite.

"Wote."

"Wazuri kweli. Ila utaratibu wetu hauna mahali pa ndege."

Wakapiga kura. Gerlof aliinua mkono kumkataa pamoja na wengine, bata wawili wakiwa wamemkalia mapajani.

"Sawa," alisema Wietske, akivaa koti. "Muda mmeuchukua. Kichwa hiki nakwenda nacho nyumbani."

Kesho yake Gerlof alileta keki ofisini, kama afanyavyo kila mwenye jambo la kusherehekea, kwa sababu kazi yake ilikuwa imetajwa Norwei. Wietske alichukua kipande, akarudi akachukua na cha pili, akimtazama usoni.

"Una wazo jipya?" Gerlof alimuuliza kwa sauti ya chini. "Tunaweza kuandika pamoja."

"Chora michoro yako, bwana."

Jioni alisukuma rundo la mitihani pembeni ya meza ya jikoni, akachukua karatasi tupu. Aliandika Zijlstra juu kabisa, kabla hata ya kichwa cha habari, na chini yake hakuongeza jina jingine. Bata bukini akatua mferejini.

"Huyu naye?" Sjoerd aliuliza. "Mbona hujaandika kitu bado? Na mwili mzima una chavua, miti yenyewe haijachanua."

Wietske alinyanyua macho mara moja.

"Ni wa mwaka ujao," alisema. "Mtupie mkate." Akaendelea na mstari wa pili.