Karatasi Kidevuni mwa Kinzo

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kuvalishwa wigi, Tamaki alimpiga teke Mzee Kinzo bila kumgusa.

Walikuwa na namna yao. Mzee Kinzo alifika kwenye chumba cha mazoezi, nyuma ya studio ya filamu, taulo shingoni na gazeti la mbio za farasi kwapani. Alisimama mgongo ukiwa umeegemea ukuta, akalowesha kwa mate kipande cha karatasi ya chooni, akakibandika chini ya kidevu kikaning'inia kama kidevu cha beberu. Tamaki alirudi nyuma, akashusha pumzi, mguu wake wa kulia ukapanda. Karatasi ilitakiwa kupepea. Ikidondoka, Tamaki ndiye wa kuchemsha chai.

"Imepepea," Mzee Kinzo alisema asubuhi hiyo, macho kayafumba. "Ila unanuka maharage, binti."

"Mguu ndio unanuka maharage?"

"Mimi nasema ninachonusa. Nimekaribia huo mguu kuliko atakavyoukaribia mume wako."

"Mume gani anataka mke wa mateke?"

"Asiyekuwa na meno. Hana cha kupoteza."

Tamaki alicheka, kiganja mdomoni. Ni kweli alinuka maharage. Kwa wiki kadhaa sasa alikuwa akiloweka soya nyumbani kila jioni na kuzisaga kwa mkono, lakini hilo hakumwambia mtu. Akainua mguu tena, na hapo mlango ukasukumwa.

Mwongozaji Murozumi hakuwahi kufika chumba kile. Aliingia na viatu vyake miguuni, akakanyaga sakafu ambayo Tamaki alikuwa ameipiga deki kwa magoti, akiacha alama za vumbi toka mlangoni hadi ukutani. Alikuwa anatafuna ngisi mkavu. Alimwendea Mzee Kinzo, akaibandua ile karatasi kwa vidole viwili, akaifinyanga, akaiacha ianguke.

"Leo hii haihitajiki," alisema. "Leo unampiga kweli."

Nje, nyenje walikuwa wanalia kwenye miti kwa ule ukali wao wa joto la Agosti. Tamaki alidhani hakusikia vizuri.

"Nimpige, mwalimu?"

"Umpige. Watu wamechoka kutazama hewa ikipigwa. Wanataka kuona nyama ikitikisika. Mzee, wewe una neno?"

Mzee Kinzo alikwisha kuinama. "Ukiona inafaa, bosi."

"Unaona? Huyu ni mtu wa kazi." Murozumi akamgeukia Tamaki, akamshika shavu kwa vidole vilevile vya ngisi, akamwita jina lake kama mtu anavyomwita mtoto wa jirani. "Tamaki-chan. Ile filamu ya muuza tofu. Wakubwa wananiuliza, huyu dada wa mateke ana moyo wa kwenda mpaka mwisho? Niwajibu nini?"

Harufu ya ngisi ilimpanda puani mpaka kooni. Alitaka kusema hapana. Neno lilikuwepo, limeshafika kwenye meno. Lakini tangu akiwa na miaka saba, kwenye ukumbi wa karate wa kule kwao Wakayama, mkubwa akisema kulikuwa na jibu moja tu, nawe ulilitoa huku kichwa kimeinama, hata kama mkubwa amesema ukimbie peku kwenye theluji. Kichwa cha Tamaki kikainama chenyewe.

"Ndiyo, mwalimu."

Murozumi aliondoka. Mzee Kinzo aliokota karatasi, akatafuta pa kuitupa, asipaone, akaitia mfukoni.

"Usinune hivyo," alisema. "Kwani ni nini? Mguu tu."

"Utaumia, mzee."

"Nimekufa kwa upanga, kwa mkuki, kwa sumu, na mara moja kwa chura. Mguu wako utanifanya nini?"

Alisema hivyo akijipangusa shingo kwa taulo, na hakumtazama usoni.

Bi Sumie, mvalishaji, alimkalisha Tamaki mbele ya kioo, akambandika wigi kwa gundi inayonuka kama samaki wa juzi. Kisha akampaka damu. Damu ya studio ilitengenezwa kwa sharubati nzito na rangi, na katika joto lile ilichachuka mapema. Inzi walishaijua njia ya kuingilia. Mmoja akatua kwenye kola ya kimono yake, akaanza kula. Tamaki alimtazama kwenye kioo akashindwa kumfukuza.

"Una nini leo?" Bi Sumie aliuliza. "Umekuwa mweupe, nitakupaka poda ya nini?"

"Joto tu."

Haikuwa joto. Miaka kumi na moja alikuwa amepiga watu katika filamu, na katika miaka hiyo wenye studio walikuwa wanapunguza urefu wa kimono yake kila mwaka ili teke lionekane zaidi, wakisema 'bado, zaidi' huku wakichekeana. Alivumilia. Alikuwa na aibu ya kuzaliwa nayo. Hata kuagiza chakula alimwachia mwenzake. Lakini mguu wake haukuwa na aibu, na watu waliupenda.

Mara moja tu alipewa nafasi isiyo na ugomvi. Alikuwa muuguzi mwenye maneno machache, ameketi kando ya kitanda cha mgonjwa wa kifua. Siku filamu ilipoanza kuonyeshwa alikwenda kujitazama, amejifunga skafu. Alipomwona yule muuguzi akimshika mgonjwa mkono, alifurahi, maana hakujiona yeye pale, alimwona muuguzi. Ndipo mwanamume wa mistari ya nyuma akapaza sauti, "Mpige basi, dada." Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Sasa kulikuwa na nafasi ya muuza tofu. Alikuwa mjane aamkaye kabla ya jua, asage soya, achemshe, akamue, agandishe kama jibini, huku akimsubiri mwanawe asiyeandika barua. Katika hadithi yote hainui mkono juu ya mtu. Tamaki alikuwa amekariri maneno yake na ya wengine wote, na vidole vyake vilikuwa vimeanza kujua uzito wa kitambaa cha kukamulia. Murozumi ndiye angeiongoza. Murozumi ndiye angechagua.

Ndani ya studio walifunga milango ili sauti za nje zisiingie, wakawasha taa, na hewa ikawa ya kukatwa kwa kisu. Palinuka jasho, gundi na sharubati iliyochacha. Palijengwa ua wa nyumba ya kabaila, na Mzee Kinzo alisimama katikati yake na upanga, wigi lake limekaa upande kidogo, anapiga stori na vijana wa taa.

"Mzee, leo unapigwa kweli," kijana mmoja alimtania. "Umeaga nyumbani?"

"Nimemwambia mke wangu asinipikie wali mgumu."

Wakacheka. Mzee Kinzo alikuwa fundi wa kufa. Waigizaji wenye majina walimwomba awafie, kwa sababu akifa yeye, wao walionekana mashujaa. Upanga ulipita shibiri nzima mbali naye, naye aliteleza chini kama koti linaloachia msumari, taratibu, kisha ghafla, na watazamaji wakashika mbavu zao kana kwamba wamekatwa wao. Kwa miaka thelathini hakuguswa. Kuguswa, kwake, kulikuwa ni kazi iliyoharibika.

"Tayari," Murozumi alisema kutoka kitini. "Tamaki, kifuani. Ukipunguza nguvu nitajua."

Kamera ikaanza kunguruma. Mzee Kinzo akaja na upanga juu. Tamaki alimwona akija kama alivyomwona mamia ya mara, na mguu ukapanda wenyewe, na pale ulipozoea kusimama hakuusimamisha.

Kisigino kilizama. Hakukuwa na mlio wa maana, bali kitu kama mtu aliyekanyaga kikapu. Alihisi kupitia unyayo kitu kikikubali kuingia ndani ambacho hakikupaswa kukubali, na joto la mwili wa mzee, na unyevu wa kimono yake. Mzee Kinzo hakuteleza kama koti. Alikaa kitako, tu, miguu imetawanyika, kama mtu aliyeteleza bafuni. Wigi likamfunika jicho. Akafungua mdomo kutafuta hewa, mate yakamchuruzika, kisha akatapika kidogo juu ya upanga wake wa mbao.

Hakuna aliyecheka. Mwenye saa na ubao wa kuanzishia picha alimtazama Murozumi, akisubiri aseme ikatwe. Murozumi hakusema. Alikuwa ameinuka nusu kutoka kitini, na mkono wake ulikuwa unamwashiria mpiga picha asogee, asogee, usoni kwa Tamaki.

Mzee Kinzo akaanza kutambaa.

Ilikuwa desturi yao. Aliyepigwa akishamaliza kufa huinuka, humwendea aliyempiga, huinama na kushukuru. Hata mwigizaji mwenye homa hufanya hivyo. Mzee Kinzo hakuweza kuinuka, hivyo alikuja kwa magoti na mkono mmoja, mwingine ameubana ubavuni, akafika miguuni pa Tamaki, akaweka paji la uso karibu na vidole vyake.

"Asante kwa kunishughulikia," alisema, pumzi inamkatika. "Unisamehe, binti. Nimeanguka vibaya. Nimekuharibia."

Tamaki alipiga magoti. Alijaribu kumwinua, na mikono yake yenye damu ya sharubati ikagandamana na kimono ya mzee, ikanata, kila alipoivuta ikatoa sauti ndogo ya kulambwa. Inzi alitua kwenye mdomo wa mzee. Tamaki alimfukuza, akarudi, akamfukuza. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuwa na mkono safi wa kuyafuta. Na kamera, aliisikia, ilikuwa bado inanguruma, karibu kabisa na sikio lake.

"Kata," Murozumi alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu aliyeshiba.

Akaja, akachuchumaa mbele yao. Alikuwa anatabasamu, uzi wa ngisi umekwama kwenye jino.

"Umeona sasa? Huo uso. Miaka yote hii nilikuwa nautafuta huo uso. Ndiye mama wa tofu huyo, nimempata, hakuna haja ya kumuuliza mtu. Nafasi ni yako." Akampiga Mzee Kinzo kibegani, kidogo tu. "Uso nautumia. Ila anguko halifai, mzee, limekuwa kama uongo. Tunarudia. Safari hii tumboni, mbavu tuziache."

"Sawa, bosi," Mzee Kinzo alisema kutoka sakafuni. "Nipe dakika nipumue."

Bi Sumie alikwisha kuja na brashi na kikopo cha sharubati ili kurekebisha damu. Vijana wa taa walitazama chini. Kila mtu alikuwa anasubiri kichwa cha Tamaki kiiname, na yeye mwenyewe alikihisi kikianza, shingo ikilegea kwa mazoea ya utoto. Wakati huo akaona, kwenye mkunjo wa kimono ya Mzee Kinzo uliofunuka, ile karatasi ya asubuhi. Alikuwa ameihamisha kutoka mfuko wa suruali alipovaa nguo za kazi. Imelowa jasho, imekunjwa vizuri, kama kitu cha kutumika kesho.

Aliusukuma mkono wa Bi Sumie.

"Mwongozaji," alisema.

Sauti ilitoka ndogo. Mtu wa maikrofoni, bila kufikiri, akaisogeza fimbo yake juu ya kichwa cha Tamaki.

"Nini tena?" Murozumi aliuliza. "Maji?"

"Sitampiga." Alimeza mate. "Asubuhi nilitaka kusema sitampiga, nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo kwa sababu nilikuwa naitaka ile tofu. Nimevunja mbavu za mtu kwa ajili ya tofu."

"Tamaki-chan, sikiliza—"

"Usiniite hivyo. Mtafute mwingine wa kuiuza. Na huo uso si wa mama yeyote, ni wangu, nilikuwa naona kinyaa. Nakuona wewe kinyaa. Na huu mguu." Akaukunja chini yake kama anayeuficha, akamkumbatia mzee vizuri zaidi. "Bi Sumie, naomba uite gari la hospitali. Mzee Kinzo hatakufa tena leo."