Breki ya Mbele

Mzee Celestini alisimama mbele ya watu wote, siku ya arobaini ya mwanawe, akaniomba radhi. Alisema Danstan aliipokea pikipiki nzuri kutoka mikononi mwangu, akaenda kuiharibu kwa mwendo kasi, na pamoja na kuiharibu akajimaliza mwenyewe. Kwa hiyo ukoo umekaa na kuamua kwamba mabaki ya pikipiki hiyo nipewe mimi niliyeijenga. Watu wa Mabawe, kijijini kwao, wakaitikia kwa vichwa. Nilikuwa nimeshika kikombe cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, na sikuhisi kitu, wala aibu wala huzuni. Mwili mzima ulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Danstan alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwetu Biharamulo, nami ni fundi wa kuchomelea vyuma. Urafiki wetu ulianzia kwenye pikipiki yake, ukakulia milimani. Jumamosi tulipopata nafasi tulipakia turubai, sufuria na maharage, tukaenda Ngara alikozaliwa. Tuliiacha pikipiki kwenye nyumba ya mwisho, tukapanda kwa miguu hadi mahali pasipo na shamba wala moshi wa jiko, tukalala huko huko juu ya nyasi. Watu walituona wendawazimu. Mama mmoja wa Bugarama alituambia kwamba amewaona watu wakilala chini ya maturubai kwa sababu ya vita, lakini mtu mwenye kitanda chake akalale porini kwa kupenda, huyo hajapata kumwona. Danstan alilicheka neno hilo wiki nzima.

Pikipiki niliiboresha safari baada ya safari. Niliichomelea keria ya nondo, nikarefusha chuma kinachoshika gurudumu la nyuma ili keria ipate nafasi, nikaifungia honi ya lori. Chuma kiliporefuka, fimbo ya breki ya nyuma haikufika tena, nikaiunga kwa kipande cha nondo. Breki ya mbele niliing'oa kabisa. Hapo sikufanya la ajabu: kwetu kila dereva atakwambia kwamba breki ya mbele humrusha mtu mteremkoni, na pikipiki ikitoka dukani, hiyo ndiyo ya kwanza kulegezwa. Danstan aliniomba mara mbili niirudishe. Alikuwa amesoma mahali kwamba ndiyo yenye nguvu kuliko ya nyuma. Nikamwambia ya vitabuni akawafundishe watoto, ya vyuma aniachie mimi.

Wakati wa kurudi tulikuwa na utaratibu wetu. Yeye alishuka na mizigo kwa barabara, mimi nilikata mashambani kwa miguu ili kuipunguzia pikipiki uzito, tukakutana darajani, chini ya mteremko. Jumapili ile nilitangulia kufika, nikakaa ukingoni namenya muhogo wa kuchoma. Nikasikia honi. Haikupigwa kwa vipande, kama alivyozoea kuwasalimia watu. Ilishikiliwa, ikateremka hivyo kona baada ya kona, na watu waliokuwa wakitoka misa wakarukia mitaroni. Hakuguswa hata mmoja. Honi ilifanya kazi yake vizuri sana. Kisha ikanyamaza kwenye kona ya mwisho, juu kidogo ya nilipokaa.

Nilipofika, sikumtazama yeye kwanza. Nalisema hili kwa sababu nimechoka kujificha. Niliitazama fimbo ya breki. Ilikuwa imekatika pale pale nilipoiunga. Nikakichomoa kile kipande cha nondo, nikakitia mfukoni, ndipo nikapiga magoti kando ya rafiki yangu. Askari walipokuja wakauliza watu, wakaandika mwendo kasi.

Nilichimba kaburi pamoja na wengine. Nilibeba maji, nilipasua kuni, kisha nikarudi kazini nikachomelea madirisha ya watu. Walinisifu, wakasema Frednand ana moyo wa kiume. Haukuwa moyo, ilikuwa ganzi. Nilikula bila ladha na nililala vizuri, na huko kulala vizuri ndiko kulikoniogopesha.

Ningeweza kuvumilia lolote siku ile ya arobaini, isipokuwa mzee yule kuniomba radhi. Nikaweka kikombe chini, nikasimama. Nilieleza yote, breki ya mbele, fimbo, mfuko, kwa sauti ile ile ninayomweleza mteja vipimo vya geti. Nikamaliza. Hakuna aliyenipiga, na nilitamani sana mtu anipige.

Scolastica, mjane wake, alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi. Huyu ni nesi, mtu wa maneno machache.

"Kwa hiyo hakuwa anakimbiza?"

"Hapana, shemeji. Hakuwa na cha kusimamishia."

Aliitazama sahani kana kwamba hakumbuki ni ya nani. "Aliniahidi hatakimbiza," akasema. "Nimemnunia siku arobaini, shemeji. Hata kaburini sikumtupia udongo."

Akaingia ndani. Tulisikia sahani ikiwekwa mezani, taratibu, kisha kilio kikatoka. Kilikuwa kirefu na kikali, kilio cha siku ya kwanza ya msiba. Wanawake wakainuka kumfuata. Mzee Celestini akainua mkono kuwazuia.

"Mwacheni," alisema. "Kilio hicho tulikuwa tunakingoja."

Kisha akaja akakaa kwenye benchi langu, si karibu nami wala si mbali, tukawa tunamsikiliza. Hakuniambia niondoke. Ni miaka mitatu sasa. Kilio changu bado nakingoja.