Mke Aliyelazwa Kinyume

Wiki ya pili baada ya maziko, fundi seremala aligundua kwamba hakumbuki sura ya mkewe. Hakumwambia mtu. Mgongo aliukumbuka wote: bega la kushoto lililoshuka kidogo, fundo la kitambaa kisogoni, vifungo viwili vya gauni alivyokuwa akimfungia kila Jumapili kwa sababu mkono wa mwenyewe haukufika. Lakini akitafuta uso, alipata mgongo.

Na mgongo huo ulikuwa ukija. Aliuona asubuhi mbele ya karai la vyombo. Aliuona mchana kwenye mlango wa karakana, kati ya mbao zilizoegemezwa ukutani, umesimama kama mtu anayengoja kuitwa. Mara ya kwanza aliweka randa chini akazunguka taratibu ili amwone usoni. Alipofika mbele, palikuwa na ukuta na misumari ya kutundikia misumeno. Mara ya pili alizunguka haraka zaidi. Mara ya tatu alikaa kwenye gogo la kazi, akajishika kichwa, maana alijua kwa nini mkewe hamwonyeshi uso. Alikuwa amemlaza kinyume.

Katika kanisa lao, marehemu hulazwa kichwa magharibi na miguu mashariki. Bwana atakapokuja, atatokea upande wa mapambazuko, na wafu watakapoinuka watakuwa tayari wamemkabili, kama watu waliotoka mlangoni kumpokea mgeni. Msalaba husimikwa kichwani. Mlinzi wa makaburi, ambaye watu walimwita Sepetu kwa ajili ya chombo chake, alipenda kusema wateja wake wamekaa kama abiria wa basi, wote wanatazama mbele, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumlalamikia kwamba shuka ni fupi.

Kwa fundi jambo hilo halikuwahi kuwa na shida. Majeneza yake yalikuwa mapana mabegani na membamba miguuni, na hata kipofu angejua kwa kupapasa wapi ni wapi. Miaka thelathini ya kazi hakuwahi kuhitaji kuweka alama. Mkewe ndiye aliyemvuruga. Alipokuwa bado anaweza kucheka, alimwita kitandani akamwambia, "Mimi usinibane miguu. Nimesimama jikoni mwako miaka yote hii, niache basi nijinyooshe." Kwa hiyo alimtengenezea sanduku lililo sawa mwanzo hadi mwisho, ncha hii kama ile. Binti yao, mshonaji, alilitandika kitambaa cheupe ndani. Fundi hakuweka alama, kwa sababu hakuwa na desturi hiyo, na kwa sababu yeye mwenyewe alijua: upande wa kichwa, ubao wa mwisho ulikuwa na kifundo cheusi kikubwa kama jicho.

Siku ya maziko mvua ilinyesha tangu alfajiri. Lango la juu likawa tope tupu, wabebaji wakazungukia lango la chini. Walilitua jeneza kwenye viti viwili ili wapumue, wakalinyanyua tena, na katika kupokezana huko likageuka. Fundi aliona wakati kamba zimeshaanza kushuka. Kitambaa cha kufunikia kilipeperuka, na lile jicho jeusi likamtazama kutoka upande wa mashariki.

Mchungaji alikuwa amefika kwenye maneno ya tarumbeta itakayowaamsha wafu. Wanaume sita walikuwa wamekaza misuli, kamba zimelowa, watu wamejaa hadi ukutani. Nusu ya waliolala pale walikuwa wamelala ndani ya kazi ya mikono yake. Je, aseme mbele ya wote kwamba yeye, fundi, hajui kichwa cha mkewe kiko wapi? Alifungua mdomo. Akaufunga. Udongo ukaanguka. Baadaye watu walimsifu kwa kujikaza.

Na huyo mke alikuwa mtu wa kungoja. Kila siku, kabla hajawasha moto, alifungua dirisha la mashariki akatazama nje na kuuliza, "Leo je?" Naye fundi, akiwa bado chini ya blanketi, alijibu, "Huenda." Hawakuwa wakitania. Alikuwa akiuliza kama mtu anavyouliza habari za ndugu aliye safarini, aliyeandika kwamba anakuja lakini hakutaja siku. Mwanamke huyo ndiye aliyezikwa na kisogo chake kuelekea mlangoni. Siku ile wote watainuka na kumwona Bwana, na yeye atainuka aone ukuta wa nyuma wa makaburi.

Wiki ya sita fundi alikata kauli. Kulipopambazuka alichukua koleo akapita lango la chini. Udongo ulikuwa bado haujashikamana. Shimo lilipomfika magotini alisikia mtu akikohoa.

"Huyo aliyemo si mgeni wa jana," Sepetu alisema. Alikuwa ameshika kikombe cha chai. "Unatafuta nini, ndugu yangu?"

"Nimemlaza kinyume."

Sepetu alinywa chai kidogo. Alitazama msalaba, akatazama udongo, akahesabu kitu kichwani mwake. "Lile sanduku lako la kunyooka," alisema hatimaye.

"Kichwa kiko huku. Nataka kumgeuza."

"Kufukua bila kibali ni kesi. Unajua."

"Nifungwe basi."

"Utafungwa wewe? Nitafungwa mimi. Wewe utahurumiwa, mjane wa watu." Alimwaga machicha ya chai kwenye nyasi, akatoka, na fundi akadhani amekwenda kuita watu. Alirudi na sepetu yake. "Huwezi hata kuchimba. Unachota kama mtu anayepakua chakula. Sogea. Tutafika kwenye mfuniko, uone kwa macho yako, uwe na hakika. Kuliinua sanduku, hapana. Hilo hata tukigombana."

Walichimba pamoja. Makaburi ya pale hayakwenda chini sana kwa sababu ya maji, lakini walikuwa wazee wawili, na jua lilikuwa limepanda sana wakati chuma kilipogonga ubao. Mlio ule fundi aliujua. Alikuwa ameusikia maelfu ya mara karakanani, akipima ubao kwa kuugonga. Hapa ulirudi mzito, kama umejibiwa.

Sepetu alipanda juu kwa kujivuta kwenye mzizi. "Maliza wewe. Ni mkeo."

Fundi alipiga magoti, akafagia udongo kwa viganja. Alipapasa ncha ya kwanza: laini. Alitambaa hadi ya pili, akachimbua kwa vidole mbele ya ubao wa mwisho, na kidole gumba kikatumbukia kwenye kifundo. Basi ni kweli. Kwa wiki sita sehemu fulani ya moyo wake ilikuwa imetumaini kwamba mvua ilimdanganya.

Alitaka kumwonyesha Sepetu. "Unaona? Kichwa kipo mashariki," alisema, akainua mkono kuonyesha, na mkono ukabaki hewani. Kuta nne za udongo zilimzunguka, zote za rangi moja. Alikuwa amejigeuza mara nyingi katika kutambaa. Mwanga ulikuwa ukiingia kutoka juu moja kwa moja.

"Mashariki ni wapi?" aliuliza.

"Humo ndani kila mtu hupotea," Sepetu alijibu. "Mimi huacha kofia ukingoni, la sivyo nachimba upande."

Ndipo fundi alipohisi kuna mtu nyuma yake, humo humo shimoni. Hakusikia hatua. Alihisi tu kwamba ile nafasi ndogo kati ya mgongo wake na ukuta imejaa. Harufu ya sabuni ya nguo ilimfikia, kali, katikati ya harufu ya udongo. Wiki zote hizo mkewe alikuwa amempa mgongo, na sasa ni yeye aliyempa mkewe mgongo. Alitaka kugeuka na mwili ukakataa.

"Baba."

Aligeuka mara moja. Ukuta wa udongo. Juu yake, ukingoni, binti yake amesimama, gauni limejaa tope hadi magotini, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni.

"Nimekwenda karakanani, hupo. Koleo halipo. Nikajua," binti alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu kuliko macho yake. "Umemfanya nini mama?"

Fundi alisema yote. Aliyasema akiwa amepiga magoti juu ya mfuniko, kwa hiyo ilimbidi amtazame mwanawe kutoka chini, kama mtoto. Alisema juu ya kifundo, na mvua, na kamba. Alipofika mahali pa kufungua mdomo na kuufunga, alisita, kisha akalisema na hilo pia.

"Uliona," binti alisema.

"Niliona."

"Ukaona haya."

"Ndiyo."

Binti alikaa kwenye lundo la udongo. Sepetu alikwenda kuangalia ua ambao haukuwa na tatizo lolote.

"Hilo litaniuma, Baba. Hilo la kunyamaza. Nisikufiche."

"Sikuombi unisamehe leo. Nisaidie tumgeuze. Atainuka hamwoni Bwana. Mama yako, ambaye kila asubuhi..."

Binti alivuta ile futi shingoni, akaizungusha kidoleni kama alivyofanya akiwa anapiga hesabu ya kitambaa. "Nilipokuita sasa hivi," alisema, "ulikuwa umenipa mgongo."

"Ndiyo."

"Ulifikiri kwanza?"

"Hapana."

"Uligeuka tu."

"Niligeuka tu."

"Na mimi niliyekuita ni mshonaji tu." Aliinama, akamtazama vizuri. "Yule mwanamke wa bustanini kwenye Injili, asubuhi ile Bwana alipofufuka. Mama alikuwa akimpenda kuliko wote. Alikuwa anatazama wapi?"

Fundi alifikiri. "Kaburini. Alikuwa analia."

"Na Bwana alikuwa wapi?"

"Nyuma yake."

"Alizunguka akaja mbele?"

"Hapana. Alimwita jina."

Fundi alibaki pale, kiganja kwenye ubao. Ile nafasi nyuma yake ilikuwa bado imejaa, au ndivyo alivyohisi. Alijaribu kumfikiria Bwana akipita safu kwa safu, akilifikia kaburi hili, akishindwa kwa sababu ya ubao na wanaume sita wenye kamba zilizolowa. Aliyeshinda kifo, akashindwa na fundi seremala. Hakucheka, lakini kitu fulani kifuani kilichokuwa kimekazwa kwa parafujo kililegea mzunguko mmoja.

"Nipe mkono," alimwambia Sepetu, aliyekuwa amerudi ukingoni.

Walifukia watatu, binti akisukuma udongo kwa kiatu. Walipomaliza, fundi aling'oa msalaba akavuka nao upande wa pili, penye kichwa cha kweli, akaupigilia pale.

"Utakuwa peke yake safu nzima," Sepetu alisema. "Watu watauliza."

"Waulize."

"Watasema mlinzi amelewa."

"Waambie waje karakanani. Nitawaambia ni mimi, na kwamba niliona nikanyamaza. Mchungaji nitamwambia Jumapili hii, mbele ya watu. Walikuwepo wakati wa kunyamaza, na wawepo wakati wa kusema."

Sepetu alipangusa sepetu yake kwa nyasi, upande huu na upande huu. "Na wewe zamu yako ikifika? Nikulaze vipi?"

"Kama wengine," fundi alisema. Kisha akafikiri. "Tutakuwa tumetazamana."

Sepetu aliondoka na kikombe chake. Baba na binti walibaki wamekaa kwenye ukingo wa saruji wa kaburi la jirani, mikono yao imejaa tope.

"Sura yake imenitoka," fundi alisema. "Tangu siku ile. Naona mgongo tu. Hata sasa."

Binti alimgeukia. Kisha akaanza kusema, taratibu, kama anayemwelekeza mtu njia. Paji la uso lilikuwa pana. Kati ya nyusi palikuwa na mkunjo mmoja, wa kulia, uliozidi akiwa amefurahi. Pua ilikuwa fupi. Jino la pembeni lilipanda juu ya mwenzake, ndiyo maana alicheka midomo imefungwa, ila akisahau.

Fundi alifumba macho. Alingoja. Paji, mkunjo, pua, jino, vyote alivisikia, na hakuona kitu. Mgongo ulikuwa pale pale, fundo la kitambaa, vifungo viwili. Lakini aliyekuwa akisema alikuwa ameiona sura ile, na hakuwa na sababu ya kumdanganya.

"Endelea," alisema.