Poti Iliyoimba kwa Mkono Wangu

Poti ilikuja kutoka Nairobi ndani ya boksi kubwa kuliko mtoto mwenyewe. Wendy, mke wa mwanangu Sylus, alilikata boksi kwa kisu cha mboga akatoa kitu cheupe chenye kifuniko na mgongo wa kuegemea, kama choo cha watu wazima kilichozaliwa jana. Akamwaga maji kidogo ndani. Poti ikaimba, halafu ikapiga makofi.

"Umesikia, mama? Mkojo ukigusa hapa chini, inamsifu."

"Inamsifu kwa kukojoa?"

"Ndiyo, ili apende."

Niliteremka Voi kutoka kwetu Wusi, milimani, kwa kazi hiyo moja, kumtoa mjukuu wangu Noah kwenye pampasi. Shule aliyotafutiwa haipokei mtoto wa pampasi, na msichana wa kazi alikuwa ameenda kuolewa. Noah asipopokelewa, Wendy angeacha kazi yake ya ofisi. Sylus anafanya kazi mbali, nyumbani anakuja mwisho wa mwezi.

Siku ya kwanza Noah aliikalia bila shida. Akakojoa, na wimbo ukalipuka chini ya matako yake. Aliruka, akakimbia uchi mpaka getini akipiga kelele, jirani wakatoka kuangalia. Tangu hapo akiiona tu ile poti anabana mapaja.

Basi Wendy akienda kazini, nilimpeleka nyuma ya nyumba. Nilikaa chini, nikanyoosha miguu, nikamkalisha juu ya vifundo vya miguu yangu ananitazama usoni, na kopo la mafuta ya kupikia chini yake. "Shuuu," nikamwambia polepole. Hivyo ndivyo mama yangu alivyonifanyia, na hivyo ndivyo nilivyowalea wangu wote. Mtoto akiwa anaona uso wa mtu haogopi. Haukupita muda, akawa akibanwa ananivuta leso mwenyewe: "Nyanya, miguu."

Hapo sikukosea. Nilikosea jioni Wendy aliporudi, mkoba bado uko begani, akauliza, "Leo ameitumia?" Aliuliza kama mtu anayengoja majibu ya hospitali. Poti aliinunua kwa mshahara wake, na Sylus alikuwa amemcheka sana kwa simu. Sikutaka aaibike mbele ya bwana yake.

"Ameitumia," nikasema.

Jumamosi hakwenda kazini, na alitaka kusikia wimbo. Nikampeleka Noah nyuma kwanza. Kisha nikarudi na kopo nimelificha ndani ya leso, nikaingia naye bafuni, nikafunga mlango, nikamimina. Poti ikaimba. Noah amesimama nyuma yangu, vidole masikioni. Kule sebuleni Wendy akapiga kelele kwa simu, "Skia! Sylus, skia! Si ulinicheka wewe?" Na mimi nimeinama pale na kopo la mkojo mkononi, mtu mzima, mama wa kanisa, ninapumua polepole kama mwizi aliyesikia mbwa.

Baada ya hapo ilibidi niendelee. Nilikuwa namimina asubuhi kabla hajatoka, namimina jioni akirudi.

Jirani yetu Kathini, fundi wa nguo, ana binti anaitwa Lynn, rika la Noah, anayepelekwa shule hiyo hiyo. Alikuja akasimama mlangoni na futi yake shingoni.

"Mama Noah, niambie ukweli. Hiyo kitu inafanya kazi ama ni mapambo?"

"Muulize mama," Wendy akasema. "Yeye ndiye anashinda na Noah."

Kathini akanigeukia. "Eti, Mama Sylus?"

"Inafanya," nikasema. Naye akaagiza yake.

Siku ya kupeleka watoto shule, Mwalimu Tryphena alituambia kila mtoto aje na poti yake, tuzipange barazani. Nyingi zilikuwa za plastiki za sokoni, nyekundu na buluu. Za kuimba zilikuwa mbili tu, ya Wendy na ya Kathini. Kina mama wakazizunguka wakizishikashika. Wendy alikuwa amesuka nywele kwa ajili ya siku hiyo.

Noah akaanza kuchezesha miguu. Nilimwona. Wendy naye akamwona, akafurahi, akafungua kifuniko. "Njoo, baba. Onyesha mwalimu."

Noah akaitazama poti akaangua kilio. Akanikimbilia, akashika leso. "Nyanya, miguu! Miguu!"

"Miguu gani?" mwalimu akauliza.

Nikijifanya sielewi, atajilowesha mbele ya mwalimu na arudishwe nyumbani. Nikikaa chini, Wendy atajua. Nikabaki nimesimama kama gogo.

"Nyanya, inatoka!"

Nikakaa chini kwenye kokoto, nikanyoosha miguu mbele ya wote, nguo ikapanda mpaka magotini. Nikasema shuuu. Akakojoa, akanyamaza, akatabasamu.

"Haya, hiyo ndiyo poti ya bure," mama mmoja akasema, na wenzake wakacheka. Wendy hakucheka.

Mwalimu Tryphena akainama. "Amefundishwa, nyanya, siwezi kukataa. Lakini hapa nani atamnyooshea miguu? Nina watoto darasa zima. Mrudisheni akiweza kukaa mwenyewe."

Hilo sikuwa nimeliwaza hata kidogo. Kumbe nilimfundisha kunitafuta mimi, basi.

"Mama," Wendy akasema. "Na wimbo? Kila siku naisikia ikiimba."

"Nilikuwa namimina."

"Unamimina nini?"

"Mkojo wake. Kutoka kwa kopo."

Akafunga kifuniko cha poti taratibu. "Nimemringia Sylus. Nimeiringia ofisi nzima."

"Nilitaka usiaibike."

"Na sasa, mama?"

Noah bado alikuwa juu ya miguu yangu, siwezi kuinuka, siwezi kujificha.

Kathini akasogea. Nilidhani atanitukana kwa ajili ya pesa yake, na ningekubali. Hakupaza hata sauti.

"Mama Sylus, mimi nimemchapa Lynn."

Nikainua uso.

"Aliikataa poti. Nikamwambia mbona Noah anaweza, wewe una kichwa ngumu ya nani? Kila akijilowesha, nikamchapa. Na nilikuuliza. Nilisimama mlangoni nikakuuliza kwa mdomo wangu."

Lynn alikuwa amejificha nyuma ya sketi ya mama yake, na kwa vile mimi nilikuwa chini, uso wake ulikuwa sawa na wangu.

"Lynn," nikamwambia, "pole, mjukuu wangu. Nyanya alidanganya. Noah hajawahi kuiweza. Wewe hukukosa kitu."

Nikamnyooshea mkono aje. Hakuja. Hakunitazama mimi hata mara moja, alikuwa anautazama mkono wa mama yake.